Wifi Yangu Si Kaya Namba Nane

Nimefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupaza sauti ndani ya jengo la umma. Siku ile nilipaza. Mlinzi wa ukumbi wa chuo kikuu alikuja mbio akidhani nimeporwa mkoba.

"Mama, kuna nini?"

"Huyu," nikamwambia, kidole kikiwa ukutani. "Nani amemweka huyu hapa?"

Ukutani palikuwa na picha ndefu kuliko mlango. Mwanamke amechuchumaa mbele ya mafiga, kanga imemchanika begani, moshi umemzingira, machozi yanamchirizika mpaka kidevuni. Juu yake wameandika KABLA. Chini wameandika: "Kaya ya kipato duni isiyo na nishati safi." Kando yake palikuwa na picha nyingine ya mwanamke yuleyule, safari hii amesimama wima katika gauni la maua, anatabasamu pembeni ya jiko jipya la bati. Hiyo waliiita BAADA.

Mwanamke huyo ni dada wa marehemu mume wangu, wametoka tumbo moja. Gauni nililitambua, alilishona mwenyewe. Ile kanga sikuijua, na wala singeweza kuijua, kwa sababu wifi yangu ni fundi cherehani na katika nyumba ile hakuna mtu anayevuka kizingiti na nguo iliyochanika. Baba mkwe wangu alikuwa fundi saa. Alikuwa akitoka na shati moja alilolifua usiku na kulipiga pasi alfajiri, na hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba ni hilohilo moja. Shida tumeziona, lakini hatukuzitandaza barazani. Na sasa binti yake ametandazwa ukutani mwa chuo kikuu, analia.

"Ni maonyesho ya utafiti, mama," mlinzi akanieleza kwa upole. "Yanafunguliwa Jumamosi. Hao kwenye picha ndio walionufaika."

Walionufaika!

Nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu walimu wastaafu tuliombwa tuwaongoze wanafunzi wa shule siku ya maonyesho, nami sipendi kueleza nisichokiona. Basi nikazunguka ukumbi wote, meza kwa meza, na kila nilipozidi kuzunguka ndivyo nilivyozidi kuwaka. Matofali ya udongo na maranda ya mbao. Chujio la maji la mchanga na makaa. Sabuni ya majani. Magunia yasiyoingia fukusi. Rangi ya kufukuza mbu. Sanduku la kutotoa vifaranga. Hata kamusi ndogo ya maneno ya ushonaji. Kila kitu nilikijua, kama mtu anavyovijua vyombo vya nyumbani kwao. Vyote vilipita katika ua wa wifi yangu kabla havijafika mezani. Na katika maandishi yote ya ukumbi ule, wifi yangu alikuwa mahali pamoja tu: chini ya moshi.

Sasa inafaa mumjue mtu mwenyewe, kwa maana picha ile haimjui.

Nyumba ya baba mkwe imepakana na uzio wa nyuma wa chuo. Wifi aliolewa, akaachika kwa sababu ambazo hazina haja ya kuandikwa, akarudi kwao na cherehani yake kichwani. Anashona sare za shule. Ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumwambia mtu hapana.

Ugonjwa huo ulianza kujulikana pale msichana mmoja wa kitivo cha kilimo alipokuja kusimama kwenye uzio na sanduku la mbao mikononi. Bwenini walikuwa wamemkataza kuweka mayai.

"Mama, naomba pembe moja tu ya ua wako. Nataka kutotoa vifaranga kwa joto la taa."

"Weka, mwanangu. Kuku hawana kelele kuwashinda wapangaji."

Vifaranga vikatoka. Wifi ndiye aliyeyageuzageuza mayai kila msichana alipokuwa darasani, na vifaranga vilipovunja maganda yeye ndiye aliyeviona wa kwanza. Msichana akapata shahada, na habari ikaenea kule ndani kwamba nyuma ya uzio kuna mama asiyekataa. Wakaanza kumiminika. Wahandisi walijenga kiukuta cha matofali yao ya maranda, kisha kila mvua ikinyesha wanakuja kukitazama kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa. Watu wa kemia walileta sabuni iliyong'oa uchafu na rangi ya nguo kwa pamoja.

"Sabuni yenu ina wivu," wifi akawaambia. "Haitaki mtu apendeze." Wakairudisha wakaipunguza makali.

Watu wa udaktari walimpakia chumbani rangi ya kufukuza mbu, akakohoa juma zima, na mbu nao sijui kama walikohoa. Wanasheria waliweka benchi kibarazani kwake, wakawa wanasuluhisha wapangaji na wenye nyumba, wakipima kama watu wakisuluhishwa karibu na nyumbani huacha kwenda mahakamani. Wa uchumi walimuuliza alikula nini jana, mpaka siku moja akawaambia, "Kuleni hapa hapa muone wenyewe, mniache nishone." Wakala. Wa isimu wakaja na kinasa sauti kukusanya maneno ya cherehani, wakaondoka na maneno mengine ambayo naamini hawakuyachapisha.

Msidhani kwamba alikuwa hakosei. Alikosea, tena vibaya. Watu wa lishe walimpa biskuti za kuwajaribia watoto wa jirani. Watoto wakazitema. Yeye, kwa kuchelea chakula kisije kikapotea, akawapa kuku, na mtafiti alipokuja kuuliza maendeleo akamjibu kwa moyo mweupe: "Wamenenepa sana, wana afya, hata manyoya yanang'aa." Ilibidi biskuti zile zianzwe upya, kuanzia unga.

Mtaa ukampa jina: Mama Maabara. Mimi sikulipenda. Nilimwambia waziwazi.

"Wifi, baba yako alikupa jina. Unaitikiaje hilo la vijiweni?"

"Baba alinipa jina la kuzaliwa. Hili nimelifanyia kazi."

Basi, kutoka ukumbini nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Nikamweleza nilichokiona, picha, moshi, kanga, neno duni. Nikangoja aangue kilio. Akatema pini kiganjani, akacheka.

"Ndefu kuliko mlango? Kumbe wameikuza!"

"Unacheka? Ile kanga umeitoa wapi?"

"Ya fundi rangi anayepaka duka la pale mbele. Alikuwa akifutia brashi."

Akanisimulia. Mhadhiri mwenye utafiti ule, ambaye sisi tunamwita Daktari wa Majiko, alikuja na mpiga picha. Wakampiga kwanza ile ya BAADA, kwa sababu asubuhi alikuwa amechana nywele. Wakamaliza, wakashukuru, kisha Daktari akajikuna kichwa akasema kumbe hawana ya kabla. Sasa kabla ipi? Wifi alikuwa akipikia gesi tangu mume wangu alipomnunulia jiko. Mafiga alikuwa hajayapikia tangu utotoni. Lakini mtu asiyejua kusema hapana hutafutiwa kabla yake ikapatikana. Walikwenda kuokota mawe kwa jirani anayejenga. Wakaazima kanga. Kuni zikakataa kutoa moshi wa kutosha, wakazinyunyizia maji.

"Na yale machozi?"

"Machozi ya kweli yale, wifi! Wewe kaa kwenye kuni mbichi uone. Nilimwambia, Daktari, mjukuu wangu, fanya haraka, nakufa. Akasema, vumilia mama, hapohapo, usifute."

Usifute. Nilisimama nikamwambia avae viatu.

"Tunakwenda wapi?"

"Kuifuta."

Njiani hakunyamaza, kila mtu tuliyepishana naye anamwamkia: Mama Maabara hujambo, Mama Maabara sare ya mwanangu vipi. Mimi nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kitu kimoja, picha itoke ukutani kabla ya Jumamosi, na nyumba ya fundi saa ibaki na sura yake. Nilidhani na yeye anataka hicho.

Daktari wa Majiko ni kijana mwenye adabu, na hilo liliniudhi zaidi. Alisimama, akavuta viti.

"Shikamooni mama zangu. Karibuni mkae."

"Marahaba. Hatukai," nikasema.

Wifi akakaa.

"Picha ya ukumbini itoke," nikaendelea nikiwa nimesimama.

"Mama, picha ile? Ile ndiyo roho ya kazi yetu. Imeonyeshwa mikutanoni, imevuka mipaka. Watu wakiiona wanaelewa tatizo bila kusoma hata ukurasa mmoja."

"Yaani wifi yangu amevuka mipaka na kanga ya kufutia brashi?"

"Ilikuwa ni kielelezo tu, mama. Wapo wanaoishi hivyo kweli."

"Basi si ungekwenda kwao?"

"Ni mbali, mama. Na wengine hawataki kupigwa picha."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Wenye shida yao walikuwa na haki ya kukataa, mwenye kukubali akavishwa shida isiyo yake. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, lakini wifi akanigusa mkono.

"Subiri, wifi. Daktari wangu, mimi na picha sina ugomvi. Machozi nimelia, basi nimelia. Nataka kitu kimoja. Pale chini ufute hilo neno la duni, uandike: huyu ni Mama Maabara, amejaribu majiko yetu yote, mengine ameyakataa, hili amelikubali. Basi. Siku ya Jumamosi nivae gauni langu nije nisimame hapo, watu waniulize niwajibu."

Nusura nimfinye. Jina la vijiweni, chini ya moshi, mbele ya wageni! Lakini nilimtazama usoni nikauacha mkono wangu ulipo. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, kama mtoto anayengoja kuitwa jina lake mkutanoni shuleni.

Daktari alitabasamu, akidhani ni utani. Alipoona si utani, tabasamu likamkwama.

"Mama, hilo la jina ndilo lisilowezekana. Ni maadili ya utafiti. Mshiriki hatajwi jina. Kamati haiwezi kuruhusu."

"Kwa nini?"

"Kwa kukulinda, mama."

"Kunilinda na nani?"

"Watu wasije wakakutambua."

Wifi akamtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa kilichokuja pungufu.

"Uso wangu mmeutundika, ni mrefu kuliko mlango," akasema polepole. "Na unaogopa watu watanitambua kwa jina?"

"Uso uliuridhia mwenyewe, mama. Jina ni jambo jingine. Kwenye kazi yetu wewe ni Kaya Namba Nane."

"Kaya."

"Ndiyo, mama. Namba Nane."

"Na kwa wale wa kilimo mimi ni nani?"

Masikini, alikuwa mkweli. Alijibu kwamba hana hakika, ila anadhani ni Mfugaji B. Na kwa watu wa maji ni "eneo la majaribio, nyuma ya uzio." Wifi alitikisa kichwa kwa kila moja, kama mtu anayetajiwa waliofariki.

Nikasema, "Daktari, kitabu chako cha majiko kina jina la nani juu?"

"Langu, mama. Na la wenzangu."

"Nyinyi hamlindwi?"

Akakimbilia maelezo, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakijaza kurasa walipokuwa hawakusoma. Akasema chuo kinaheshimu jamii. Akasema kazi zote hizi zinafanywa kwa manufaa ya jamii. Akasema hakuna aliyelazimishwa, ushiriki ni hiari, na kwa fahari kabisa akaongeza: "Na mshiriki yeyote anaweza kujitoa wakati wowote, bila hata kueleza sababu. Hiyo ndiyo heshima tunayowapa."

"Wakati wowote?" wifi akauliza.

"Wakati wowote, mama."

"Basi sasa hivi." Akasimama. "Jiko lako njoo ulichukue. Na picha zote, yenye kulia na yenye kucheka, zitoke. Waambie na wenzako wote mlioko humu ndani, waje wachukue vitu vyao. Mimi nimejitoa."

Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamsikia wifi yangu akisema neno linalokaribia hapana. Daktari alizunguka meza, mikono mbele.

"Mama, tafadhali. Wafadhili wanakuja Jumamosi. Tusiamue kwa hasira, mama. Hasira hasara."

"Hasara ya nani?" nikamuuliza. Tukatoka.

Jumamosi niliwaongoza wanafunzi ukumbini kama nilivyoahidi, maana ahadi ni ahadi. Mahali pa picha palibandikwa mchoro wa mishale, moshi kushoto, afya kulia. Hakuna mtu aliyesimama kuutazama. Daktari wa Majiko alinikwepa meza zote. Niliwaeleza watoto kila kitu kilichokuwa pale, na kila meza niliwaambia kilijaribiwa wapi na na nani. Mwenye meza akinikatiza, nilimtazama jinsi nilivyokuwa nikiwatazama wachelewaji. Lakini sauti yangu moja ingefika wapi? Walioandika ukutani wanasomwa hata wakiwa wamelala.

Juma lililofuata ua ulihamwa. Walikuja na mikokoteni, idara kwa idara, wengine wameinamisha vichwa, wengine wamenuna kana kwamba wao ndio walionyang'anywa. Chujio likaenda. Magunia yakaenda. Benchi la wanasheria likaenda. Wahandisi walisema ukuta hauhamishiki, wifi akaita mwashi aubomoe. Ulikataa. Mwashi aliupiga nyundo mpaka akavua shati.

"Mama Maabara, ukuta huu umejengwa na nani?"

"Maprofesa."

"Hapa hawakudanganya," akasema, akakusanya vifaa vyake. Ukabaki.

Mwisho akaja yule msichana wa vifaranga, ambaye sasa ni profesa mwenye miwani na gari. Alilia kweli, bila kuni mbichi.

"Mama, usinitie mimi katika kundi hilo. Mimi nilikushukuru. Ukurasa wa kwanza kabisa wa tasnifu yangu."

"Ulimshukuru nani, mwanangu? Nisomee."

Akasita. "Niliandika... naishukuru jamii inayozunguka chuo."

"Jamii ilikugeuzia mayai?"

Profesa akafuta miwani. Wifi akampa maji ya kunywa, maana adabu ni adabu, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi akafunga mlango wa ua.

Wapo jamaa walionijia wakasema nimeharibu, kwamba mwanamke yule alikuwa na furaha zake na wageni wake, na kiburi changu cha ualimu kimemfukuzia watu. Nawajibu hapa mara moja ili nisiulizwe tena. Sikumfukuzia watu. Watu walikuwa wakiingia katika nyumba ya mtu mwenye jina na kutoka wakiwa wamemwacha bila jina, kila mmoja na shahada kwapani. Kama hilo ndilo linaloitwa manufaa ya jamii, basi jamii na idai nyumba yake.

Lakini sitasema uongo kwamba ua ule ni wa furaha. Ni mtupu. Nikienda namkuta wifi ameacha cherehani, anatazama pembe ya ukuta ambako palikuwa na kitu fulani.

Mwezi huu amekuja mwanafunzi mgeni, hajui yaliyopita. Kabeba chombo kama chungu chenye mabomba, cha kukaushia mboga kwa jua. Niliona jinsi macho ya wifi yalivyokipanda na kukishuka, na vidole vikimcheza.

"Mama, nimeambiwa wewe ndiwe..."

"Jina langu utaliandika?"

"Samahani?"

"Ukimaliza kazi yako, ukachapa kitabu, mle ndani jina langu litakuwamo? Si kaya, si mfugaji, si jamii. Jina."

Binti akababaika, akasema lazima aulize kamati. Nikamwambia wifi kwa sauti ya chini kwamba amkatalie tu, nyumba imekwisha kusafika, binti atuache tupumzike.

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwa nimeitegemea kuelekezwa kwangu.

"Wifi, wewe ulitaka nitoke ukutani. Mimi nilitaka niwepo. Usichanganye."

Binti alikuwa amekwisha kukiweka chombo chake chini, karibu na kizingiti, akaomba akiache pale tu mpaka kamati ikutane, kwani ni kizito.

"Kibebe," wifi akamwambia. "Ukirudi na jina, rudi nacho."